Tairi la Zamani

Rahaleo, Jumatano usiku

Matairi yamefika, na bado nimerudi mikono mitupu. Nilishachagua lile lenye meno, maana Jumapili tunashindana kwa pikipiki kwenye mchanga wa Msimbati, na ndiyo mara yangu ya kwanza. Lile laini lingenimwaga. Muuzaji wa duka la ushirika akaniambia, "Lete la zamani kwanza. Bila hilo hupati jipya."

La zamani! Juzi tu fundi amelikata, amemtengenezea Baba viatu vya katambuga. Pikipiki imekaa juu ya mawe. Nimechoka hata kukasirika.

Nikamsimulia Baba. Akavivua vile viatu, akavikung'uta mchanga. "Wapelekee, mwanangu. Si ndilo lenyewe?"

Amekwenda kuswali Isha pekupeku. Sina uso wa kuvipeleka dukani, wala wa kumrudishia.