Mkono Uliotulia

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Mimi mzima, cherehani zote tatu nzima, paa tu ndilo linalovuja pale kwenye kona ya pasi. Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu unanikatiza.

Habari ya hapa ni kwamba wanafunzi wangu wote wawili wameondoka ndani ya wiki moja. Wamekwenda kusomea ushonaji kwenye hiyo shule yenu ya miwani, ambako darasa lenyewe liko ndani ya kompyuta. Mrefu ndiye aliyekuja kuniaga. Mnene hakutokea kabisa. Nikamuuliza, "Huko mnafundishwa na nani?" Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Na wewe, mwalimu. Ila huko hufoki."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwaka jana ulinipeleka kwenye kile chumba chenu cheupe, mkanivisha glavu zenye nyaya, nikakata nguo siku tatu. Nikadhani mnaweka kumbukumbu. Kumbe mlikuwa mnanitengenezea mshindani!

Sina kinyongo. Nataka kujua tu huyo mimi wa huko anafananaje.

Dada yako

19 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi tu imenibana. Pole kwa kuondokewa na wanafunzi. Nilipaswa kukueleza mapema, nikawa nasema kesho, kesho.

Sura si yako. Walimpa sura ya mwanamke wa miaka thelathini, na wanafunzi wanamwita Mwalimu tu. Ila mikono ni yako, dada, mpaka ile namna yako ya kupuliza chaki kabla ya kuchora. Wanafunzi elfu sita wanamfuata. Yupo mmoja wa kiti cha magurudumu ambaye hakuna karakana iliyokubali kumpokea, kwa sababu ya ngazi. Huko amejichagulia miguu mirefu, anasimama mezani na wenzake, na amefika mpaka kwenye somo la kola.

Kila asubuhi nikivaa miwani namwamkia yule Mwalimu kwanza. "Shikamoo dada." Wenzangu wananicheka. Nadhani ndiyo maana sikumbuki kwamba mwaka mzima sijafika nyumbani.

Nakutumia miwani yako na glavu zake. Ingia ujione.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mzigo umefika. Fundi simu wa duka la jirani amenisaidia kuvaa. Kitu cha kwanza miwani iliniuliza nataka kuwa nani. Nikachagua binti wa miaka ishirini, mwembamba, shingo ndefu. Weee! Nilijitazama huku na huku mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Kisha akaingia yule. Sura siijui, lakini aliposhika mkasi nywele zilinisimama. Anakata vizuri, sitaki kuwa mnafiki. Kitambaa chake hakitelezi kama hariri ya kweli, na hakuna mteja anayemsimamia kichwani, ila mkono ni mkono.

Zoezi lilikuwa kukata kwapa la gauni, pale unaposhonewa mkono. Mimi nakata kwapa tangu wewe hujaota meno. Nikakata. Sauti ikasema, "Mkono wa kushoto hautulii. Mfuate mwalimu. Rudia." Nikarudia. Mara kumi na moja, mdogo wangu. Fundi simu akasema labda glavu ni mbovu. Akazivaa yeye, ambaye hata kutunga uzi hajui, na mkono wake ukasomeka umetulia.

Miezi yote hii kila nikikata vibaya nimekuwa nikilaumu meza. Nilibadilisha hata balbu.

Nina swali moja, na mengine usinijibu. Zile siku tatu, mkono wangu ulikuwa umetulia?

Dada yako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yangu umeipata, maana posta wamenionyesha sahihi yako.

Nimekwenda hospitali. Daktari, mtu mpole, amenifanya nigongeshe vidole, nitembee kwenye korido, niandike sentensi moja. Anasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Unaanza upande mmoja, kisha polepole unahamia na wa pili. Hauponi, lakini dawa za kuutuliza zipo. Aliniuliza jambo moja ambalo sikuweza kumjibu: ulianza lini?

Nadhani wewe unajua.

Dada yako

14 Mei

Dada,

Shikamoo. Afya yako siiulizi. Niliijua kabla yako, na hilo ndilo ninaloandika.

Ilikuwa siku ya pili. Kwenye skrini kila mkono una mstari wake. Wa kulia ulikuwa umenyooka kama uzi. Wa kushoto, ulioshika kitambaa, ulikuwa na meno madogo madogo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fundi wa mitambo akaniuliza, "Huyu mama anaumwa?" Nikasema umechoka. Nikamwambia aunyooshe ule mstari. Ilimchukua dakika tano.

Niliogopa. Mimi ndiye niliyewaapia wakubwa wa kazi kwamba hakuna mkataji kama wewe, na wangejua unaumwa wangeleta mwingine siku ileile. Nikajiambia nitakueleza ukimaliza. Ulipomaliza ulikuwa na furaha, ukawa unawaonyesha watu glavu. Nikajiambia nitakuja mwisho wa mwezi, tuongee ana kwa ana. Halafu nikaanza kumwamkia yule kila asubuhi, na mkono wake kila asubuhi umetulia, nikajidanganya kwamba labda niliona vibaya. Barua yako ya Machi nimelala nayo chini ya mto wiki saba. Nilikuwa naona aibu, dada, basi.

Nakutumia rekodi ya siku ya pili kama ilivyokuwa kabla haijanyooshwa. Mpe daktari. Hapa sijaomba ruhusa ya mtu, wakinifukuza, wanifukuze. Na ukitaka, nitawaambia wakuondoe kule kabisa. Sema neno tu.

Nimekukosea sana. Nisamehe.

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Rekodi imefika, na daktari ameitazama mara mbili. Anasema kama ningekwenda wakati ule, dawa ningeanza mapema, na huenda mwaka huu uliopita ningekata bila taabu.

Nimekasirika. Naandika hili wazi usije ukadanganyika na mwandiko, kwa sababu mwandiko ni kazi ya mkono wa kulia. Mwezi wa Oktoba niliharibu gauni la bibi harusi, nikamfokea Mnene mbele ya mteja kwamba ameisukuma meza. Mtoto wa watu alilia siku nzima akiapa kwamba hakuigusa. Nimekwenda kwao juzi kumwomba radhi. Amenipokea vizuri, amenipa na kiti, lakini kurudi kwangu hataki. Ana haki.

Kule usiniondoe. Yule wa kiti cha magurudumu aachwe amalize kola yake, na hao wengine wana kosa gani? Mwalimu mzuri yule. Ila acha kumwamkia. Haitikii, na ukimwomba msamaha hana wa kukupa. Mimi ninao, ingawa sijui kama nitautoa leo au lini.

Wa kulia bado mzima. Kwa muda gani, daktari hajui. Nina kitambaa cha buluu kimekaa kabatini tangu mwaka juzi, nataka nikukatie gauni wakati bado naweza. Utanishikia wewe, maana wa kushoto siuamini tena. Vipimo vyako nilivyo navyo ni vya siku ulipoondoka nyumbani, na lazima umebadilika. Vya mashine zenu usinitumie, sitavisoma. Njoo usimame mbele yangu nikupime.

Dada yako