Misikiti Miwili na Sadaka ya Bibi

Redjosari, Commewijne,
Suriname.
14 Septemba 1975

Mpendwa Shangazi Toekinem,

Shikamoo. Leo ni Jumapili, nimekaa jikoni peke yangu, na nimeapa kukueleza yote kuhusu sadaka ya Bibi, hata yale ambayo Baba angependa niyaruke.

Kwanza, kifua chako kimepona? Mama anasema uvae soksi mbili mbili na usione haya. Sisi huku wazima, ila goti la Babu linamsumbua, na mimi usingizi umenipaa wiki nzima. Sweta ulizotuma zimefika. Tunazishikashika tu na kuzirudisha kwenye sanduku, maana kwa joto hili hakuna mwenye ujasiri wa kuvaa.

Kijiji kinahama, Shangazi. Kila nikitoka shule nakuta nyumba nyingine imefungwa. Akina Kasidin wameondoka, wameuza mpaka kuku waliokuwa wanataga. Baba naye ametupiga picha za pasipoti, na ya Babu pia, ingawa Babu hajakubali kwenda popote. Baba anasema nchi yenye Wajava, Wahindi, Wakrioli, Wachina na watu wa msituni haitatulia bendera mpya ya uhuru ikipandishwa Novemba. Anasema huko ng'ambo uliko, ulikotuandalia chumba, watu wote ni wa namna moja, ndiyo maana kuna amani.

Nilimuuliza, "Lakini Baba, sisi tukishafika, si hawatakuwa tena wa namna moja?"

Akaniambia nikamsaidie Mama kumenya vitunguu.

Na shuleni ni habari hiyohiyo. Mwalimu Naarendorp ameweka mdahalo Ijumaa ijayo: ipi bora, jamii ya mila moja au ya mila nyingi. Nimepangwa upande wa mila moja. Niliandika vizuri sana kuhusu kijiji chetu, kwamba wote ni Wajava, tunakula chakula kimoja, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwalimu akasoma, akavua miwani. "Warsinah, ikiwa ninyi ni wamoja hivyo, mbona mna misikiti miwili?"

Ikabidi nilieleze darasa mambo unayoyajua kuliko mimi. Kwamba babu zetu waliposali Java, Maka ilikuwa magharibi, na walipoletwa huku mashambani wakaendelea kuelekea magharibi. Kwamba baadaye waliosoma wakasema Maka kwa hapa iko mashariki, wakageuka, wakajenga msikiti wa kwao. Kwamba Babu ni wa magharibi, na Baba amegeukia mashariki tangu mwaka juzi. Mtoto mmoja wa Kihindi nyuma yangu akasema, "Kumbe mnagombana na dira." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua Jumamosi kuna nini nyumbani.

Jumamosi hiyo, tarehe sita, ilikuwa slametan, ile sadaka ya kutimiza siku elfu tangu Bibi afariki. Babu alikuwa ameshatoa neno lake, na alilitoa mbele yetu sote: "Siendi kuishi ng'ambo na mtoto asiyekaa kwenye mkeka wa sadaka ya mama yake."

Baba akajibu kwa upole, lakini alijibu. "Baba, msikitini kwetu tunafundishwa kwamba hayo si dini, ni mazoea."

"Na mimi nakufundisha kwamba huyo ni mama yako."

Basi tulipika kuanzia alfajiri. Kuku mzima, tambi za kukaanga, na wali uliosimama kama kilima. Baada ya alasiri mikeka ikatandikwa. Watu wa magharibi wengi wameshahama. Watu wa mashariki hawakuja, hata Pak Saimin ambaye Bibi alimuuguza alipong'atwa na nyoka. Alipita barabarani na baiskeli, akainamisha kichwa. Mkekani walikaa wanaume wanne tu na modin wa kutuombea dua.

Babu akachukua fimbo, akatoka. Aliporudi alikuwa na Baldew, yule Mhindi mwenye duka, na Alwin, Mkrioli wa kivuko, bado na kofia yake ya kazi. Alwin aliogopa kukosea. Nilimsikia akinong'ona, "Baldew, wakianza kuomba nielekee wapi?"

"Wewe elekea kwenye wali," Baldew akamwambia.

Hata modin alitabasamu. Babu akasema, kwa sauti ya kufika jikoni, "Mnaona? Hawa wasio wa kwetu ndio wamekuja."

Baldew akatikisa kichwa. "Usinisifu bure, Mzee. Kwako nakuja kwa sababu wewe na mimi hatuna cha kugombania. Kaka yangu amekataa sanamu za miungu, mimi ninazo, na hatujala pamoja tangu baba yetu afe. Na yeye anakaa nyumba ya pili tu."

Shangazi, maneno hayo ndiyo yaliyoninyima usingizi. Kama wasiofanana wanakaa pamoja kwa kuwa hawana cha kugombania, na wanaofanana wanatengana kwa jambo dogo, basi Ijumaa nitasema nini? Nilimwomba Mwalimu nikae upande wa tatu. Akasema mabenchi ni mawili.

Dua ilisomwa Baba akiwa nyuma ya nyumba, akipasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mama hakumwita. Dua ilipokwisha na vyakula vikaanza kugawanywa kwenye majani ya mgomba, shoka likanyamaza. Baba akaja na mikono michafu, akakaa ukingoni mwa mkeka, nusu juu yake, nusu kwenye mchanga. Hakuitikia amina, maana amina zilikuwa zimekwisha. Babu hakumtazama. Alikata paja la kuku, akaliweka kwenye jani, akalisukuma hadi mbele yake, na Baba akala.

Tangu hapo nyumba haina raha. Mama anasema Baba amekaa mkekani, sharti limetimia. Babu anasema amekula tu. Baba yeye anazitoa tu zile picha za pasipoti na kuzirudisha kwenye bahasha.

Lakini asubuhi ya leo Babu aliniona nikitafuta karatasi. Akaniuliza namwandikia nani, kisha akanipa neno nikufikishie, na akanionya Baba asisikie. Hajawahi hata mara moja kuuliza lolote kuhusu huko.

Mama anakusalimu, na mdogo wangu Ngatmin, na Baldew anakumbuka ulivyokuwa ukipenda achari yake. Nisalimie Mjomba Roeslan na mapacha. Mungu akulinde na baridi na upweke, akuonyeshe uso wa baba yako ukiwa bado na macho ya kumwona vizuri.

Swali la Babu ni hili, na tafadhali ulijibu kwa posta ya kwanza: hicho chumba ulichotuandalia, mikeka miwili ya kusalia inaenea humo ikitandikwa kwa wakati mmoja, kila mmoja ukielekea kwake?

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye sana,
Warsinah