Kura ya Kiwanja cha Malakiti

Jumatatu, 2 Juni

Nimefua jezi kumi na sita. Soksi bado. Maji ya bomba yalikatika saa nne, nikamalizia kwa maji ya kisima cha jirani. Vumbi la kiangazi halitoki kwenye kitambaa cheupe. Nani alichagua jezi nyeupe katika mji huu? Mume wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa nahodha wa kwanza wa Malakiti, akasema weupe unaonekana kwa mbali.

Jana tulifungwa mbili bila na vijana wa Tenke. Trésor, mwanangu, beki wetu wa kati, alilala bila kula. Leo alfajiri amekwenda Mutoshi kuchimba madini kama kawaida.

Tata Saleh amepita. Yeye ndiye rais wa timu. Ana malori mawili yanayopeleka unga hadi Kisenge, na timu ikisafiri tunapanda juu ya magunia yake. Amesema Patron Faustin anataka kuonana na kamati. Amelitaja jina hilo kwa upole mno. Sikupenda.

Jumatano, 4 Juni

Kamati imekaa. Patron Faustin ameleta fanta za wote na kalenda zenye sura yake. Ana depo ya kununua madini ya wachimbaji, na uchaguzi ujao anataka ubunge. Hilo hakulisema. Kalenda zimesema.

Anataka Malakiti iwe yake. Si kuisaidia. Iwe yake: jina, jezi, kiwanja. Hati ya kiwanja imeandikwa kwa jina la timu, kwa hiyo mwenye timu ndiye mwenye kiwanja. Mimi ni katibu, hati naitunza mimi, nikalisema hilo waziwazi ili kila mtu asikie.

Akajibu kwamba mambo makubwa hayaamuliwi na watu watano. Peuple, yaani wananchi, waulizwe. Anataka référendum, kura ya maoni.

Nikacheka. Hakuna aliyecheka nami.

Ijumaa, 6 Juni

Nimefundisha kugawanya asubuhi nzima, kichwa kiko kwingine.

Redioni wanabishana kuhusu katiba na kura ya maoni, na sasa kila mtu mtaani ana référendum yake. Hata wauza makaa sokoni wanalitamka. Sina ugomvi na kuwauliza watu. Nina ugomvi na anayeandika swali. Patron ameleta karatasi ya swali lake, imepigwa chapa vizuri: "Unakubali Malakiti iendelee mbele pamoja na Patron Faustin?" Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu angeona mtego huo. Nani atasema anataka kurudi nyuma?

Na hilo neno peuple. Linanichefua. Kila anayetaka kupanda juu ya migongo yetu anaanza kwa kutuita peuple.

Jumapili, 8 Juni

Mechi. Tumetoka sare. Patron amegawa fulana kabla ya mpira, uso wake kifuani. Wazee wazima wakasukumana. Nilimwona mwalimu mwenzangu ameshika tatu.

Wakati wa mapumziko akachukua kipaza sauti.

"Mi hapana politicien," akasema. "Mi niko mutoto ya hapa. Bale ba kamati banakalia timu kama kiti ya baba yao. Mi nataka timu ikuwe ya benu."

Makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu anaomba apewe kitu chetu na anashangiliwa kama anayetupa kitu. Nilisimama na ndoo yangu ya maji ya wachezaji. Hiki kiwanja kilikuwa vichuguu na mashimo. Tulikisawazisha sisi kwa majembe, Jumamosi hadi Jumamosi. Yeye alikuwa wapi?

Jumatano, 11 Juni

Nimeshinda!

Patron alitaka kila mtu wa mtaa apige kura, hata wapita njia. Nikapeleka daftari la wanachama kwenye kamati. Malakiti uanachama haununuliwi. Unafanya salongo, kazi ya pamoja, mara kumi na mbili kiwanjani, unang'oa majani, unaokota mawe, unapaka chokaa, ndipo jina linaandikwa. Nimeandika kila jina kwa mkono wangu. Nikasema: mwenye jasho lake pale chini ndiye wa kuulizwa. Tata Saleh akaniunga mkono, wengine wakakubali. Patron akatabasamu, akasema sawa.

Kura ni Jumapili ya tarehe 22. Kwa mistari, hadharani, nilivyotaka mimi. Ndiyo nyuma ya goli la upande wa reli, Hapana nyuma ya goli la upande wa barabara.

Nawajua hawa watu. Nusu yao walijifunza kusoma kwangu. Hawatauza jasho lao. Nimekula vizuri leo, mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemkuta mtu kiwanjani na nyundo na kamba. Mtu wa Patron. Alikuwa nyuma ya goli la reli, anagonga ardhi, anaokota jiwe, analitupa, anaandika. Nilipomwita akaondoka haraka.

Sasa naelewa.

Sijawahi kuliandika jambo hili. Tulipokuwa tunachimba choo cha wachezaji, miaka mingi iliyopita, nyuma ya goli lile, yalitoka mawe meusi yenye ukungu wa kijani. Hapa Kolwezi hata mtoto anajua mawe hayo ni kobalti na shaba. Tulikuwa wanne: mume wangu, Tata Saleh, fundi mmoja aliyekwisha kufa, na mimi niliyewapelekea chai. Tulifukia siku hiyo hiyo. Choo kikahamia upande wa barabara. Tukaapa. Tulishaona mitaa ambayo watu walichimba hadi chini ya vitanda vyao. Mume wangu alisema hapa patabaki mahali pamoja pa kukimbilia juu ya ardhi.

Na huyu mwizi amejua. Timu ni kisingizio. Anataka kuchimba.

Jumapili, 15 Juni

Mkutano wa wanachama, kiwanjani, baada ya misa. Patron ameongea saa nzima. Nyasi za plastiki. Basi. Jukwaa lenye paa. Daraja la kwanza. Aliponigeukia akasema kuna mama fulani anapenda timu ibaki maskini ili yeye abaki na daftari, sikujizuia.

Nilisimama nikasema yote. Choo, mawe meusi, kiapo. Nikawaonyesha mahali kwa kidole. "Huyu hataki timu," nikasema. "Anataka madini yaliyo chini ya goli lile."

Vichwa vyote viligeukia goli la reli. Patron mwenyewe alifunga mdomo.

Nikadhani nimemmaliza. Nimerudi nyumbani kichwa juu. Tata Saleh tu ndiye aliyeondoka bila kuniaga.

Jumatatu, 16 Juni

Trésor hakwenda Mutoshi. Wenzake pia. Nilipopita kwenda shule niliwaona wako nyuma ya goli la reli, wanaume kama ishirini, mikono mfukoni kwa baridi. Wanatazama chini.

Nilipotoka shule bado walikuwapo.

Alhamisi, 19 Juni

Tata Saleh amekuja. Hakugusa chai. Kisha akasema kwamba Patron hakuwa na habari yoyote ya madini. Hata kidogo. Yule wa nyundo ni mwashi, alitumwa kupima mahali pa kujenga jukwaa. Patron alitaka sura yake kwenye jezi na kura za ubunge, basi. Angeshinda uchaguzi au angeshindwa, na baada ya mwaka angetuchoka na kuturudishia timu yetu. Saleh alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo. Ndiyo maana ya ule upole wake.

Sasa Patron analala usingizi mtamu. Amekwisha kupita nyumba kwa nyumba: wakisema ndiyo, kila wanachama watano watapewa shimo lao.

Nikamwuliza Saleh kwa nini hakunionya. Akasema, "Mama Trésor, tuliapa. Nilifikiri kiapo kinatosha."

Nimeipiga meza kwa kiganja hadi kikombe kikaanguka. Sikuwa namkasirikia yeye.

Ijumaa, 20 Juni

Nimepita nyumba nilizoweza. Nimewaambia: mtachimba, yeye atanunua, depo ni yake, mizani ni yake, na kiwanja hakitarudi. Wananiitikia kwa heshima. Ndiyo Madame. Kweli Madame. Wananipa kiti. Mmoja ameniuliza kama choo kile kilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye mlingoti wa goli.

Trésor hanitazami usoni. Sikumwuliza. Naogopa kumwuliza.

Jumapili, 22 Juni

Naandika ingawa sitaki.

Jua kali, upepo wa baridi. Walikuja wote, hata waliohamia Fungurume, hata ambao hawajagusa jembe tangu salongo yao ya kumi na mbili. Niliita majina kutoka kwenye daftari, mmoja mmoja. Hiyo ni kazi ya katibu. Kila niliyemwita alitembea mbele ya wote akasimama upande wake.

Wa kwanza wachache walikuja kwetu, goli la barabara. Wazee. Wanawake wanaofua jezi pamoja nami. Kisha ikawa reli, reli, reli. Walikwenda bila kelele. Hakuna aliyevaa hata fulana ya Patron. Ningependa wangekuwa wamelewa, au wamedanganywa, nikapata mtu wa kumlaumu. Walikuwa na akili zao zote. Watu waliochoka kushuka mashimo ya wengine na kufukuzwa na walinzi. Nawachukia leo, na siwezi kusema hawana sababu.

Nikafika kwa jina la mwanangu. Nililisoma mara mbili.

Trésor alivuka kiwanja kizima. Alipita katikati, pale penye alama ya chokaa niliyoipaka mwenyewe asubuhi. Alikwenda reli.

Tata Saleh alisimama nami. Mstari wetu ulikuwa mfupi, tungetosha kwenye lori lake moja.

Jumatatu, 23 Juni

Nimewapiga watoto wawili darasani bila kosa. Aibu.

Jumatano, 25 Juni

Patron amemtuma mtu kuchukua hati. Nimempa. Kura ni kura. Mimi ndiye niliyetaka mistari, nikataka wanachama tu, nikataka matokeo yaheshimiwe. Kila sharti nililoweka lilimsaidia yeye. Mtu huyo akasema Patron ananishukuru kwa mchango wangu, na kwamba angependa niwe présidente d'honneur, rais wa heshima wa timu.

Nikamwambia atoke uani kwangu kabla sijammwagia maji ya sabuni. Akatoka mbio.

Jumamosi, 5 Julai

Magoli yameng'olewa. Mabati yamezungushwa pande zote, na geti lenye walinzi wenye mbwa. Timu imehamia uwanja wa shule ya mbali, jezi sasa ni za bluu, uso wake mgongoni. Wachezaji watano wameacha mpira. Wako shimoni.

Ahadi ya mashimo ameitimiza, hilo nalikubali. Watano watano, kwa orodha ya daftari langu. Ila kila gunia linapita getini, na nje ya geti kuna depo moja tu. Sasa wananung'unika. Wanakuja kwangu, Madame tuandikie barua. Nawaambia waende kwa peuple.

Trésor na mimi tunasalimiana. Habari ya asubuhi, habari ya jioni. Anaacha viatu vyake nje, navipita.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa. Nimesonga bukari, nimepika sombe, majani ya muhogo, na samaki wa thomson. Trésor alikuwa nyumbani. Jumapili shimo lao linapumzika. Mwaka jana saa kama hizi angekuwa anafunga viatu vya mpira.

Tumekula pamoja, mara ya kwanza tangu siku ile. Mikono yake imepasuka. Kucha nyeusi. Amekonda. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, miezi miwili nimeyaandaa, ya baba yake, ya jasho, ya kile kiwanja. Nikamwuliza moja tu: kwa nini alikwenda upande ule.

Hakukasirika. Alimega bukari, akaishika bila kuila.

"Mama, mi nilikuwa nataka kwenda ku Hapana," akasema. "Ni weye mwenye ulisema iko madini kule chini. Hakuna siku ulitudanganya. Mi nilikuamini."

Nje mtu alikuwa anatwanga. Nilimwongezea sombe. Nikamwuliza wamefika mita ngapi, akasema kumi na nane. Nikamwuliza kama hewa inatosha, akasema inatosha. Nikamwambia kesho avae sweta lile nene, asubuhi bado kuna baridi.