Jogoo wa Mzee Gampat na Mkono wa Datuk Lainus

KITUO CHA POLISI TINOMPOK, SABAH
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Skolastika Majangkim
Umri: Miaka 54
Kabila na dini: Mdusun, Mkatoliki
Kazi: Mtangazaji wa redio mstaafu, mgombea wa Chama cha Upatu katika uchaguzi wa marudio
Makazi: Kijiji cha Lokub, Tinompok
Tarehe ya maelezo: 22 Septemba 2014, saa 4 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza yafuatayo kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

Datuk Lainus Gimbang namfahamu tangu mwaka 1988. Inspekta ameniuliza namfahamu kama nani. Nimejibu kwamba ni mpinzani wangu. Kabla ya mwaka huu nimegombea naye mara mbili, akanishinda mara zote mbili, na mara ya pili alisaidiwa na majina ya watu waliokwisha kuzikwa. Nilikwenda mahakamani, mahakama ikafuta matokeo, na ndiyo sababu Tinompok imepiga kura upya mwezi huu. Nayasema haya mapema ili anayesoma maelezo yangu asidhani mimi na Datuk tunapikiana chai.

Nilipomfahamu alikuwa ofisa kilimo kijana mwenye sauti nzuri. Alikuja studio kueleza wakulima habari za mbegu, akamaliza kwa wimbo, na wiki nzima watu wakapiga simu kumwulizia. Mwaka 1990 alisimama kwa tiketi ya Upatu. Alikwenda kijiji cha Ponuhan, akaweka mkono juu ya jiwe la kiapo mbele ya kijiji kizima, akaapa kwamba hatakihama chama na kwamba msitu ulio juu ya kijiji hautaguswa. Kinasa sauti nilikishika mimi. Kuku aliyechinjwa juu ya jiwe siku ile alitolewa na mzee Gampat Sondoku.

Datuk alichaguliwa. Baada ya miezi miwili akahamia Chama cha Mwavuli pamoja na wenzake wanne, na tulipoamka asubuhi tukakuta serikali ya jimbo ni nyingine. Akapewa unaibu waziri, kisha cheo cha heshima cha Datuk. Tangu hapo alihamia chama cha tatu, kisha akarudi Mwavuli. Msitu wa Ponuhan ulipewa kampuni ya michikichi. Akashtakiwa kwa hilo, shahidi mkuu akabadili maneno, kesi ikafa, naye akatoka mahakamani akiimba. Pia ni haki niseme kwamba barabara ya lami ya kuja hapa mjini ni yake, na kwamba anajua jina la kila mtu wa Tinompok na la mbwa wake. Watu humpenda hata wakati wanamtukana. Mimi mwenyewe nikimsikia akiimba huwa nasimama.

Mnamo tarehe 7 Septemba, siku ya Jumapili, nilitoka misa ya kwanza nikaenda gulioni kuomba kura. Nilikuwa na Rafel Gampat, umri wa miaka 41, meneja wangu wa kampeni na mtoto wa mzee Gampat. Ilikuwa kama saa 3 asubuhi. Kwenye safu ya wauza mananasi tukakutana na Datuk na watu wake wakitokea upande wa pili. Njia ile ni nyembamba na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka.

Datuk akanisalimu kwa sauti ya kusikika na wote: "Dada Skola! Bado hujachoka kushindwa?"

Nikamwambia, "Safari hii wapiga kura wako wengine wamebaki makaburini, Datuk. Tutaona."

Watu wakacheka, naye akacheka. Hapo ndipo mzee Gampat alipojitokeza kutoka nyuma ya meza ya mananasi. Ana miaka 79. Alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, amefungwa miguu, ambaye mzee alimleta kumuuza. Akasimama mbele ya Datuk.

Akasema, "Lainus, unanikumbuka?"

Datuk akajibu, "Nitakusahauje, Babu Gampat? Goti lako linaendeleaje?"

"Achana na goti langu. Kuku wangu alikufa bure."

Datuk akauliza, "Kuku gani tena, Babu?"

"Wa jiweni. Ulishika jiwe, ukala kiapo, ukala na kuku. Leo nimekuletea mwingine. Twende ukaape upya, au mchukue huyu ukale na hao wenye michikichi!"

Gulio zima lilipasuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma yangu akaigiza sauti ya jogoo. Nilimwona Datuk akibadilika uso. Mzee akamsukumia jogoo kifuani, jogoo akapiga mabawa, na Datuk akainua mkono wake wa kulia.

Inspekta ameniuliza kama aliuinua ili apige. Sijui alichokusudia moyoni mwake. Najua kwamba mkono ule haukumgusa mzee. Ulibaki juu, kisha ukashuka ukamshika jogoo kwenye bawa. Nilikuwa karibu nao kiasi kwamba unyoya mmoja ulinasa kwenye kola yangu.

Aliyemgusa mzee ni Rafel. Alipouona mkono ukipanda, alipiga kelele "Baba!" akamkamata mzee mabegani kutoka nyuma na kumvuta kwa nguvu. Kisigino cha mzee kikakwama kwenye kikapu cha mananasi. Wote wawili wakaanguka, mzee chini, Rafel juu yake. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mzee hakulia; alisema tu, "Nani huyo? Nani kanishika?"

Datuk ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti. Alisema, "Msimwinue, leteni ubao," akavua koti lake akaliweka chini ya kichwa cha mzee. Kisha watu wake wakamvuta, akaondoka. Mzee alipelekwa hospitalini, akakutwa amevunjika nyonga.

Kabla ya saa sita mchana video ilikuwa kwenye simu za watu wote. Nimeonyeshwa video hiyo hapa kituoni leo na naitambua. Inaanza mkono ukiwa juu na inaishia mzee akiwa chini. Rafel haonekani, kwa sababu mwavuli wa muuza mboga umemziba. Mtu aliyeiona bila kuwapo angesema bila wasiwasi kwamba Datuk amempiga mzee, na jioni ile Rafel alikuja hapa kituoni akaandikisha hivyo hivyo.

Usiku wa siku hiyo kamati yangu ilikutana nyumbani kwangu. Walikuwa na furaha kama watu wa sherehe ya mavuno. Marselina, mwenyekiti wa akina mama, alinishika mikono akasema, "Dada Skola, kiti tumepata! Wewe huna haja ya kusema chochote. Nyamaza tu mpaka Jumamosi."

Nikamwambia, "Lakini hakumpiga, Marselina. Nilikuwa pale."

Akasema, "Aliuza msitu wetu. Kura za marehemu zile umezisahau? Mambo yote aliyofanya akatoka salama, leo akinaswa kwa lile ambalo hakufanya, kuna ubaya gani?"

Niliuona ubaya huo na nikamweleza. Mengi yanayosemwa juu ya Datuk Lainus ni kweli, nami nimeyasema jukwaani mbele ya uso wake. Yana uzito kwa sababu ni kweli. Nikiyachanganya na moja la uongo, kesho atasimama na kusema yote yalikuwa uongo, na safari hiyo atakuwa na haki. Marselina alichukua sahani yake ya wali akaenda kula nje.

Tarehe 8 nilikwenda hospitalini. Nilimkuta Rafel kwenye baraza, hajalala. Nikamwambia, "Rafel, ulimvuta kwa hofu. Ungekuwa mwanangu ningetaka univute vivyo hivyo. Nenda kawaambie polisi."

Akajibu bila kunitazama, "Dada, wewe umekosea. Datuk ndiye."

"Mimi nilikuwa pale, mdogo wangu."

"Basi nikaseme nini? Kwamba baba yangu hatatembea tena na mkono uliofanya hivyo ni wangu? Amelala mle ndani ananiuliza nani alimshika. Nimemwambia Lainus. Amefurahi, Dada! Amesema, basi kuku hakufa bure."

Nilikaa naye pale mpaka alipoitwa ndani. Nilipoondoka nilimwambia kwamba nitasema nilichokiona, na kwamba nitasema pia kuwa alikuwa anamwokoa baba yake, kwa sababu hilo nalo nililiona.

Tarehe 9 nilifika kituoni hapa. Niliambiwa mpelelezi yuko kwenye ulinzi wa uchaguzi, nikaacha jina na namba yangu ya simu. Tarehe 10, saa 11 jioni, nilikuwa na mkutano kwenye ukumbi wa kijiji cha Lokub. Watu walijaa mpaka madirishani, na wengi walikuja na video ile kwenye simu zao. Nilieleza kwanza habari za msitu. Nikaeleza habari za majina ya makaburini. Kisha nikasema, "Na sasa la gulioni. Datuk hakumpiga mzee Gampat. Mkono wake haukumfikia. Atakayewaambia vinginevyo kwa jina langu, msimsikilize."

Mzee mmoja wa mbele akasema, "Skola, wewe uko upande gani?" Nikamjibu, "Upande wangu, Babu, ule ule wa jana." Baadhi walicheka. Baadhi walitoka, na Rafel alikuwa wa kwanza kutoka. Niliendelea na hotuba mpaka mwisho, na sauti yangu haikutetemeka. Nimefanya kazi ya sauti miaka ishirini na sita.

Tarehe 13 tulipiga kura. Nilishindwa kwa kura 318. Marselina anasema kura hizo nilizitupa mimi mwenyewe pale Lokub. Huenda ni kweli.

Siku ya pili yake Datuk alinipigia simu. Akasema, "Skola, ingekuwa mimi, nisingesema kitu."

Nikamwambia, "Najua, Datuk. Ndiyo maana nagombea."

Akacheka kicheko chake kile. Akaniuliza anilipe nini. Nikamwambia aende hospitalini akamwangalie mzee, na kuhusu msitu wa Ponuhan nitamwona tena mahakamani. Sijui kama alikwenda. Tarehe 18 asubuhi nilisikia redioni kwamba amekihama Chama cha Mwavuli na kujiunga na Chama cha Taa, siku tano tu baada ya kuchaguliwa. Mtangazaji aliyesoma habari ile nilimfundisha kazi mimi, na nilisikia akijizuia kucheka.

Inspekta ameniuliza kama, baada ya hayo yote, bado nataka maelezo haya yabaki kama yalivyo. Nimemwambia yabaki. Datuk Lainus akihukumiwa kwa uongo wetu, Tinompok haitakuwa imemshinda. Mimi nataka nimshinde. Uchaguzi ujao nitagombea tena, na nitampita.

Sina chuki na Rafel Gampat wala na baba yake. Naomba yeyote atakayeamua jambo hili ajue kwamba nilichokiona ni mtoto akimvuta baba yake kutoka kwenye hatari aliyodhani ipo.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapa. Nimesomewa yote kwa lugha ninayoielewa, nimesahihisha mahali pawili, na naweka sahihi yangu.

(Sahihi) S. Majangkim

MAELEZO YA OFISA

Nimeandika maelezo haya mimi, Inspekta Awang Rosli bin Damit, kama yalivyotamkwa na shahidi. Shahidi alikuwa mtulivu na aliongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Shahidi alipofungua mlango ili atoke, alikuwapo kwenye benchi la nje Rafel Gampat, ambaye hakuitwa na ofisi hii. Walitazamana bila kusalimiana. Shahidi akarudi ndani, akachukua kiti alichokuwa amekalia, akakivuta kidogo mbele ya meza yangu kwa ajili yake, kisha akaondoka. Rafel Gampat aliketi. Alisema ametoka kuongea na baba yake asubuhi hii, na kwamba anaomba maelezo yake ya tarehe 7 yaandikwe upya.

Nimeanza kuyaandika saa 6 na dakika 10 mchana.

(Sahihi) Insp. Awang Rosli bin Damit