Dripu za Boksi Jipya

Jumatatu, 7 Juni 1993
Wagonjwa watatu wodi ya wanawake wametetemeka vibaya, nusu saa tu baada ya kutundikiwa dripu. Wote watatu! Sista Beatrisi, muuguzi wa zamu, kaja maabara mwenyewe na chupa mkononi: "Khairat, hebu yaangalie maji haya." Kwa macho ni safi kabisa. Shehena mpya, tumeuziwa na mfanyabiashara — siku hizi kila mtu anaagiza dawa. Nimechukua chupa nne za boksi hilo, maji ya kila moja nimeyaotesha kwenye sahani yake, nione kama yana bakteria. Majibu siku tatu, nne.

Jumanne, 8 Juni
Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa kumi. Kabati la joto la kuoteshea sahani limepoa. Nimeanza upya. Mama aliyetoka Muheza, mmoja wa wale watatu, kafariki. Daktari Methusela anasema huenda ni malaria. Huenda!

Jumatano, 9 Juni
Daktari mgeni kapita, katoka masomoni Ulaya. Anasema huko sasa ipo mashine inayozidisha vinasaba vya bakteria mpaka vionekane — majibu siku hiyo hiyo. Nikamwuliza yetu itafika lini. Kaziangalia sahani zangu, kaaga.

Nimemwomba Daktari Methusela asitishe chupa zile.

"Ushahidi uko wapi?"

Sina.

"Na chupa nyingine ziko wapi? Bohari tupu. Hawa wanaoharisha niwape nini, Bi Khairat?"

Hakukasirika. Kachoka tu, kama mimi.

Alhamisi, 10 Juni
Sahani mbili zina vidoa. Vidogo, kama ncha ya sindano. Au ni uchafu wa mikono yangu? Glavu zenyewe tunafua, tunavaa tena. Daktari Methusela kazitazama sana dirishani. "Tungoje kesho."

Ijumaa, 11 Juni
Nasima kaletwa! Binti wa mdogo wangu Tabia, miaka mitano. Anaharisha tangu jana, macho yamezama, ukimfinya ngozi hairudi. Maji ya chumvi na sukari anayatapika yote. Tabia kanivuta kanga: "Dada, we ndo mwenyeji humu. Waambie wamwekee maji upesi!"

Sista kashika chupa. Boksi lile lile. Daktari kanigeukia: "Maabara inasemaje?"

Nikakimbilia sahani. Zile mbili, vidoa vimekua — si mikono yangu. Mbili nyingine safi kabisa. Chupa nne, mbili mbaya. Na hii ya Nasima, nani ajuaye? Kuiotesha ni siku tatu. Mtoto hana siku tatu. Pengine hana hata saa tatu.

Nikasema wamwekee.

Saa nane sasa. Naandika nimekaa kando ya kitanda. Chupa imeshuka robo. Nasima kafumbua macho, kaomba maji. Tabia kanishika mkono, ananishukuru, ananiombea dua.

Sijamwambia kitu.