Dume la Mzee Brüggemann na Koti Langu

Jonte, usicheke. Nimetoka msituni sasa hivi.

Unajua mkwe wangu mtarajiwa, Mzee Brüggemann baba yake Wiebke, alinituma jana nikapake miti lami, nguruwe pori waje kujisugua? Nilipaka vizuri tu, miti na koti langu. Leo nimelivaa hilohilo kwenye msako, mimi nikiwa mfukuzaji, wa kuwatimua nguruwe waende kwa wenye bunduki.

Sasa, nimechuchumaa chini ya kichanja cha mzee cha kuvizia nafunga kamba za kiatu. Likatoka lile dume la nguruwe. Lile lililomaliza mahindi yake, analolitafuta tangu mwaka jana. Likaninusa, likageuka, likaanza kujisugua mgongoni kwangu. Mgongoni kwangu, Jonte. Limefumba macho, raha mustarehe.

Mzee ananong'ona kutoka juu na bunduki yake, "Kijana, sogea."

"Mzee, limeniegemea."

"Basi lala chini."

"Nikilala litanilalia."

Liliposhiba kujikuna likajiondokea taratibu, moja kwa moja kuelekea kwa wafukuzaji wenzangu, na huko huwezi kupiga risasi. Mzee akabaki anatazama makalio yake yakitokomea.

Msako ulipoisha, kila aliyeua akachomekewa kijitawi kofiani. Kofia ya mzee tupu. Nikajua hapo ukwe umeota mbawa.

Akanijia mbele ya watu wote, akanishika bega. "Wiebke, huyu usimwache kabisa."

Nikashusha pumzi.

"Jumamosi tunamfunga kwenye mti."

Na Wiebke anasema nisifue koti.