Umeniuliza Nani Amekufa

Ujerumani, mwezi wa Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Najua barua hii utaisomea jikoni, mguu mbaya umeuegesha kwenye kigoda, na moshi utakutoa machozi kabla yangu. Huo mguu unaendeleaje? Kama ile dawa ya kuchua inakuunguza, achana nayo, urudi kwa daktari, usione aibu. Ng'ombe ameshazaa? Na migomba ya upande wa mfereji imesimama tena baada ya ule upepo? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Mengine utayasoma mwenyewe, sitakuficha.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, hata koti sijavua, na nilipofika kwenye yale maneno yako nikacheka kicheko kibaya. Unasema mtoto wa mwinjilisti, huyu anayesoma huku, amewaandikia wazazi wake kwamba aliniona stesheni ya treni Jumamosi moja, nimevaa nyeusi juu mpaka chini, nimekaa na watu waliojipaka nyuso nyeupe na midomo myeusi, na kwamba nimejiunga na waabudu shetani. Yule kijana ana macho mazuri, Mungu ambariki, lakini miguu hana. Angeweza kuvuka barabara akanisalimia. Halafu na wewe ukaniandikia: "Matanga ya baba yako tulishayamaliza. Nani tena amekufa huko? Kama hakuna, vua hiyo nyeusi." Nitakujibu, Mama. Ila niache nianze mwanzo, maana ukisikia nusu utazidi kuogopa.

Unakumbuka habari ya baba ilivyonifikia. Alikuwa ameshalala kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kati ya migomba yake, maua ya juu ya kaburi yameshanyauka, ndipo mimi nafungua bahasha. Sikuweza kuja. Karatasi zangu za kuishi huku ziliisha zamani, tangu ile familia iliyonileta kulea mtoto wao ihamie mbali na kuniacha, na nikitoka huku sirudi. Na tangu bei ya kahawa ianguke, mnajua wenyewe hapo nyumbani mnaegemea hiki kidogo ninachotuma. Basi kesho yake nikaenda kazini kama kawaida, kwenye lile ghala ambako nguo kuukuu za Wazungu zinachambuliwa na kufungwa marobota, zije kwenu kuwa mitumba. Nikasimama kwenye mkanda wangu, nguo zinapita, mikono inachambua. Hakuna aliyenipa pole, kwa sababu sikumwambia mtu. Kijerumani changu wakati ule kilikuwa cha sokoni, msiba hakikuwa nao.

Siku hiyohiyo likapita koti refu jeusi. Nikamwomba msimamizi, mzee mmoja mpole ambaye sasa amestaafu, naye akasema chukua. Nikalivaa palepale. Nilijiambia mama kule amevaa nyeusi, na mimi nivae, tuwe wawili, mpaka siku ya kuvuliwa.

Jumamosi nikapita stesheni. Kwenye ngazi za pale walikuwa wamekaa vijana wengi, wote nyeusi tii: makoti, buti, nywele, hata kucha. Mama, usinicheke. Nilidhani ni ukoo mzima umefiwa. Nikasema moyoni, jamani, ni mkubwa gani huyu aliyekufa, na mbona watoto wamekalishwa kwenye baridi bila hata turubai? Nikawaendea. Nikaanza kuwapa mkono mmoja baada ya mwingine, pole, pole sana, vilevile tunavyofanya tukiingia msibani. Nilikuwa nimefika katikati ya mstari ndipo wakaangua kicheko.

Kijana mmoja mwenye mnyororo kiunoni akaniuliza napenda bendi gani. Nikasema napenda kwaya. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Yule wa mnyororo akaniambia mimi si wa kweli, nimevaa tu. Nyeusi si ya kuchezea, mtu anaanza kuwa nayo moyoni. Aliniambia mimi hayo, Mama, na baba yangu yuko chini ya udongo.

Ndipo akanyanyuka mama mmoja wa makamo yako. Nywele amezitia rangi nyeusi, lakini mvi zinachungulia kwenye mizizi. Koti lake lilikuwa refu kuliko ya wote, jeusi, ndani lina bitana nyekundu, vifungo vya pembe. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikasema, "Baba." Akasema, "Kaa." Nikakaa pale kwenye ngazi, nikalia, na ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumlilia baba. Huyo ndiye Mama Renate.

Hao watu wanajiita magothi. Shetani hawamjui, mwambie mwinjilisti. Wengi ni watoto wa watu tu, wanapenda muziki wa huzuni, wanapenda kwenda makaburini kukaa kimya, na wakirudi kwao wanaoshwa masikio na mama zao kama watoto wengine. Mama Renate alianza mambo hayo kabla wale wa kwenye ngazi hawajazaliwa, wakati mume amemwacha na mtoto mdogo mgongoni. Koti lake alilishona kwa mkono wake, kitambaa alikitoa kwenye pazia la zamani la ukumbi wa michezo. Wale vijana wananunua yao dukani, yameshachanwa tayari.

Sasa kwetu aliyetangulia kuzaliwa anapewa kiti, na pombe ya mbege ikija kata inamfikia yeye kabla ya vijana. Huku nikakuta ni kinyume. Wale vijana walimwona bibi kizee anayejifanya msichana, wakampa jina la Makumbusho. Nao wa rika lake, pamoja na binti yake wa kumzaa, wakawa wanamwuliza, mama, utakua lini? Kwa vijana yeye mzee, kwa wazee yeye mtoto. Alinisimulia hayo huku anacheka, lakini macho yalikuwa hayamo kwenye kicheko.

Nikamfundisha shikamoo. Nilimweleza kwamba ukimkuta aliyekuzidi umri humwulizi kama anastahili, unamwamkia tu, kwa sababu ameishi. Tangu hapo kila Jumamosi nikifika nasema, "Shikamoo Mama Renate," naye anaitikia, "Marahaba!" kwa sauti kubwa ili wa kwenye ngazi wasikie. Hivyo ndivyo alivyonikuta mtoto wa mwinjilisti. Alinikuta nikimwamkia mtu mzima, jambo ambalo yeye mwenyewe lilimshinda siku hiyo.

Kuna siku alikuja mpiga picha wa gazeti. Vijana wakafurahi, wakaanza kupangana. Yule wa mnyororo alipofika kwa Mama Renate akamwambia, "Wewe tushikie mabegi. Picha ni ya magothi." Mimi sikuambiwa kitu, maana hata kwenye hesabu sikuwemo. Nikadhani Mama Renate atamkaripia. Akashika mabegi, Mama. Mengine akayatundika begani, mengine akayapanga miguuni pake, akasimama pembeni kama mtu anayesubiri watoto wa shule. Nilitaka kumzaba yule kijana kibao cha Kimachame, akikumbuke mpaka uzeeni. Mama Renate akanizuia kwa macho.

Walipoondoka nikamwambia hawa watoto hawana adabu kabisa. Akanijibu, "Waache. Tulipoanza tulikuwa na nguvu zetu, tukijidai tunapenda kifo. Mimi sasa kinanijia kweli. Hawataki kukiona kwenye picha yao."

Kumbe alijua anachosema. Ugonjwa ulikuwa tayari ndani. Nilipomtembelea hospitali walikuwa wamemvika gauni la maua ya bluu, na uso wake bila rangi zake ulikuwa mdogo sana. Binti yake alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Mama Renate akasema tukisikia wote wawili: "Mnizike na koti langu. Na wewe uje uniamkie ile salamu yako." Binti akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, vile mtu anavyomwitikia mtoto mgonjwa anayeomba sukari.

Alikufa majani ya miti yalipoanza kuanguka. Binti akatuma taarifa kwamba watu waje na nguo za rangi, za kuchangamka, nyeusi isivaliwe, kwa kuwa tunasherehekea maisha yake. Niliisoma tena na tena nikidhani Kijerumani kimenishinda. Mtu amevaa nyeusi maisha yake yote, halafu siku ambayo kila mtu ana haki ya kuivaa, ndiyo imekatazwa.

Nilikwenda na koti langu. Ule ukumbi wa makaburini ulikuwa umewaka rangi kama kanisa letu Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Yule wa mnyororo alikaa nyuma kabisa, amevaa sweta ya njano, mnyororo hana, mikono ameificha katikati ya magoti. Alikuwa ametii. Nilitaka kumchukia nikashindwa, alikuwa kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Binti akanifuata mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba mama yake asingependa, akanipa skafu ya pinki. Kwetu hatugombani na mfiwa. Nikaifunga shingoni. Nikaenda mpaka kwenye jeneza, limeshafungwa, nikasema, "Shikamoo Mama Renate." Mtu mmoja nyuma yangu akapiga chafya. Nikarudi kukaa.

Nilijifariji kwamba angalau koti amekwenda nalo. Baada ya siku chache nikiwa kazini ukaja mfuko kwenye mkanda, nikaufungua, na kabla sijaona kitu nikasikia harufu ya sigara za karafuu alizokuwa akivuta Mama Renate. Bitana nyekundu. Vifungo vya pembe. Walimzika bila koti, na pengine ndani ya lile jeneza alikuwa amevaa maua ya bluu.

Nikalichukua nikamwendea msimamizi mpya, kijana. Nikamwomba aniachie, nikamweleza ni la marehemu ninayemjua. Akasema siku hizi hakuna kuchukua kitu, na kama nina shida nije ofisini na karatasi zangu tuzungumze. Unajua nikitajiwa karatasi ninavyokuwa. Nikarudi kwenye mkanda. Nikalikunja taratibu, kama nilivyomwona bibi akikunja nguo za babu, nikaliweka kwenye gredi ya kwanza. Mashine ikalibana na mengine, likafungwa robota la Afrika Mashariki.

Litafika bandarini, litapanda lori mpaka Moshi, na huenda siku moja likamwagwa chini pale Kwa Sadala siku ya soko, nawe ukalipita umebeba ndizi zako. Usilitafute, tafadhali, na huo mguu. Mtu wa kule juu kwenye baridi atalinunua, atalivaa akikamua ng'ombe, na hatajua lilikuwa la nani. Koti litafika Machame. Mimi sioni nitafikaje. Huwa naambiwa nisikate tamaa, lakini nimegeuza jambo hili kila upande, sioni mlango. Miaka inakwenda. Ninaogopa nitakufa huku, na mtu mwema tu, asiye na ubaya wowote, atanivika kitu nisichokijua na kuwaambia watu wachangamke.

Nisalimie mdogo wangu wa mwisho anayekaa nawe hapo nyumbani. Mwambie asing'oe kahawa yote, aibakize ile mistari aliyopanda baba. Nisalimie baba mdogo, na yule mama jirani anayekusaidia kukata majani ya ng'ombe, Mungu amzidishie. Mwinjilisti naye mpe salamu, na mwambie mwanawe siku nyingine avuke barabara. Shangazi mpe salamu zake peke yake, kwa sababu haya ya mwisho yanamhusu.

Umeniamuru nivue nyeusi. Mama, uliniandikia mwenyewe wewe ulivyovuliwa. Shangazi na wanawake wa ukoo walikuja asubuhi, wakakuogesha, wakakuvua lile gauni jeusi kwa mikono yao, wakakuvika kitenge kipya, mkaimba, mkala mtori. Ulisema hata kifungo kimoja hukukigusa, maana mfiwa hajivui mwenyewe. Mimi baba nilimvalia nyeusi huku, na matanga yake mkayamaliza huko bila mimi. Mtu aliyejua kwamba nimefiwa alikuwa mmoja tu katika mji huu mzima, naye ndiye tuliyemzika kwa nguo za rangi. Kila jioni nikirudi kazini nasimama mbele ya kioo, nashika kifungo cha juu cha koti, nasubiri kidogo kama kuna mtu nyuma yangu. Hakuna, Mama. Basi nalala nalo.

Mimi mwanao, bado niko kwenye matanga,

Aikaeli